Kompyuta ya Ofisi Isiyonguruma: Kuchagua Feni na Mahali pa Kuzifunga

Katika ziara zetu za kukagua vifaa vya miradi tumekuwa tukiulizwa swali moja na wazee wa usharika pamoja na makatibu: kompyuta ya ofisi inanguruma kama mashine ya kusaga, je, imefika mwisho wake, tuanze kuchangisha fedha za kununua nyingine? Mara nyingi jibu letu ni hapana. Kinachonguruma ni feni, na bei ya feni ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompyuta. Kamati ikielewa feni ipi inafaa na ifungwe wapi, mashine ileile inaweza kuendelea kutumika kwa miaka kadhaa bila kumsumbua mtu.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo, lakini ofisi nyingi za sharika ni chumba kimoja tu. Katibu anachapa vyeti vya ubatizo huku mchungaji akizungumza na wafiwa au wachumba mita mbili kutoka hapo. Kwaya nazo zinapotaka kurekodi, kompyuta inayotumika ni hiyohiyo ya ofisi, na mngurumo wake unaingia kwenye kinasa sauti pamoja na nyimbo. Kelele ikizidi, mtu hutafuta njia ya mkato. Tumekuta katika baadhi ya ofisi waya wa feni umechomolewa ili kupata utulivu, na kwingine tundu la hewa limezibwa kwa karatasi ngumu. Utulivu huo una gharama kubwa. Prosesa, yaani kile kipande kinachofanya hesabu zote, hujilinda yenyewe: ikipata joto kupita kiasi hupunguza kasi, na joto likizidi kompyuta hujizima. Diski inayotunza daftari la washarika na hesabu za sadaka, na zile kapasita ndogo zilizopangwa kwenye madabodi, hazina ulinzi wa namna hiyo. Mafundi wana kanuni kwamba kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 hivi, umri wa kapasita hupungua kwa karibu nusu. Kwa hiyo feni iliyochomolewa leo huleta hasara baada ya miezi mingi, wakati ambapo hakuna tena anayekumbuka aliyeichomoa.

Kelele inatoka wapi

Kabla ya kununua chochote, ni vema kujua ni kifaa gani kinachopiga kelele. Katika lile kasha ambalo wengi wetu hupenda kuliita CPU (ingawa CPU hasa ni prosesa iliyomo ndani) mara nyingi kuna feni zaidi ya moja. Ipo feni iliyokaa juu ya prosesa, ipo iliyo ndani ya pawasaplai, yaani lile boksi la chuma linalopokea umeme wa ukutani, na zipo feni za kasha lenyewe, ambazo ndizo tunazozizungumzia. Diski ya zamani inayozunguka nayo huvuma, na mtetemo wake huingia katika bati la kasha likaanza kulia kama debe.

Njia rahisi ya kutambua ni kukunja karatasi iwe bomba, kuweka upande mmoja sikioni na kusogeza upande wa pili karibu na kila feni, bila kuigusa. Sauti ya upepo mtupu inaonyesha kuwa feni ni nzima ila inazunguka kwa kasi kubwa. Sauti ya kukwaruza au kugongagonga inaonyesha kuwa beringi imechoka. Tone la mafuta mepesi huweza kuituliza feni ya namna hiyo kwa majuma machache, lakini dawa yake ni kuibadilisha. Kama kelele inatoka ndani ya pawasaplai, msiifungue wenyewe. Ndani yake hubaki umeme wa hatari hata baada ya kuchomoa plagi ukutani, na kazi hiyo ni ya fundi.

Aidha, ni lazima vumbi liondolewe kwanza. Mapezi ya alumini yaliyo juu ya prosesa yakizibwa na vumbi, joto halitoki. Joto lisipotoka, kompyuta huamuru feni zizunguke kwa nguvu zaidi. Tumeona mashine zilizodhaniwa kuwa mbovu zikanyamaza baada ya robo saa ya kusafishwa kwa brashi ya rangi.

Kwa nini feni kubwa hunyamaza

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote, nasi tunaomba uvumilivu wa wasomaji wetu kwa hesabu kidogo.

Kazi ya feni za kasha ni kubadilisha hewa, kuingiza ya chumbani na kutoa iliyopata moto. Haziwezi kuifanya kompyuta iwe baridi kuliko chumba. Tuchukue kompyuta inayotumia wati 100, ambacho ni kiasi kinachotosha kwa kazi za ofisi. Karibu umeme wote huo hugeuka kuwa joto. Ili hewa inayotoka iwe imepanda nyuzi 10 tu juu ya hewa iliyoingia, zinahitajika mita za ujazo 30 za hewa kwa saa, yaani kiasi cha kujaza chumba cha mita 3 kwa 3 chenye dari ya mita 3 na theluthi. Feni nzuri ya milimita 120 inayozunguka mara 1,200 kwa dakika husukuma mita za ujazo 80 hadi 100 kwa saa ikiwa haina kizuizi. Ikiwekewa chujio, wavu na waya zilizojazana mbele yake, hupoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Hata hivyo, feni mbili za namna hiyo zikizunguka polepole, mara 700 au 800 kwa dakika, zinatosha kwa kompyuta ya ofisi na bado zikabakiza akiba.

Sasa, kelele. Kiasi cha hewa hupanda sambamba na kasi: kasi ikipungua kwa nusu, hewa nayo hupungua kwa nusu. Kelele hushuka upesi zaidi. Feni ikipunguzwa kasi kwa nusu, kelele yake hupungua kwa desibeli 15 hivi, na sikio la mwanadamu huona upungufu wa desibeli 10 kama nusu ya sauti. Kwa upande mwingine, ukiongeza feni ya pili iliyo sawa na ya kwanza, kelele huongezeka kwa desibeli 3 tu. Hivyo basi, feni mbili zinazozunguka taratibu huhamisha karibu hewa ileile ya feni moja inayokimbia, lakini kwa kelele iliyo chini kwa desibeli 12 hivi. Mtu aliyezoea kufikiri kwamba feni nyingi ni kelele nyingi atashangaa, lakini ndivyo ilivyo, mradi kasi ipunguzwe.

Ukubwa nao una sehemu yake. Feni ya milimita 80, ambayo ilikuwa ya kawaida katika kompyuta za miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, inapaswa kuzunguka zaidi ya mara tatu ya kasi ya feni ya milimita 120 yenye umbo lilelile ili ihamishe hewa sawa. Ndiyo maana mashine za wakati ule zilipiga kelele kiasi kile. Mwaka 2004 kampuni ya Intel ilitoa prosesa za Pentium 4 ambazo baadhi yake zilipangiwa kutoa joto la hadi wati 115; kampuni hiyo ikafikia hatua ya kupendekeza mpangilio mpya wa kasha, ulioitwa BTX, ili hewa ipite vizuri zaidi. Mpangilio huo haukudumu. Mwaka 2006 zilikuja prosesa za Core 2 Duo, nyingi zikiwa za wati 65, na haja ya BTX ikaisha. Mpangilio wa ATX wa mwaka 1995 ndio ulioendelea, nao ndio unaokutwa katika makasha mengi ya kompyuta za kuunganishwa na mafundi.

Tunawaeleza haya hasa wafadhili wetu wanaotuma kompyuta zilizotumika. Kompyuta ya enzi ya Pentium 4 si msaada hata kama bado inawaka: hula umeme, hutoa joto na huitesa ofisi kwa kelele. Tunaomba pia mtazame feni kabla ya kufunga mzigo. Baadhi ya kompyuta ndogo za ofisi zilizotengenezwa na makampuni makubwa zina feni zenye plagi ya pekee na umbo la pekee, na feni ya kawaida ya dukani haiingii. Nyingine hutoa onyo na kugoma kuendelea kuwaka zisipoiona feni yao ya asili. Huku kwetu kupata feni ya namna hiyo kunaweza kuchukua miezi. Kasha la kawaida lenye nafasi za feni za milimita 120 au 140 litatuhudumia muda mrefu zaidi, hata likiwa na sura ya kawaida tu.

Cha kuangalia dukani

Mjumbe anayetumwa mjini na kamati achukue rula. Feni hupimwa upande mmoja wa fremu hadi wa pili, si urefu wa panga zake. Kama feni ya zamani haipo, pimeni umbali kati ya matundu ya skrubu, katikati hadi katikati: milimita 71.5 ni feni ya 80, milimita 82.5 ni feni ya 92, milimita 105 ni feni ya 120, na milimita 124.5 ni feni ya 140. Unene wa kawaida ni milimita 25. Zipo nyembamba zaidi, lakini tusizinunue isipokuwa nafasi ni finyu.

Jambo la pili ni beringi. Feni za bei ya chini kabisa zina bushi ya kawaida, ambayo huanza kimya lakini hukauka mapema, hasa kwenye joto na hasa feni ikifungwa kwa kulala. Feni zenye gololi hudumu, ila huvuma kidogo. Zile zilizoandikwa FDB kwenye boksi, ambazo mhimili wake huzunguka juu ya utando wa mafuta, huunganisha utulivu na umri mrefu, nasi tunazipendekeza kwa ofisi hata kama bei yake iko juu kidogo. Taa za rangi zinazomulika ndani ya feni haziongezi hewa.

Tatu, waya. Feni yenye waya nne huiwezesha madabodi kuiongoza kasi yake moja kwa moja kadiri ya joto, njia inayoitwa PWM. Feni yenye waya tatu hupunguzwa kasi kwa kupunguziwa umeme chini ya volti 12, na si kila madabodi inaweza kufanya hivyo. Pale isipoweza, feni hukimbia kwa kasi yake yote mchana kutwa. Zipo pia zenye plagi kubwa ya kuchomeka kwenye pawasaplai moja kwa moja, nazo hazina udhibiti wowote. Kwa hiyo nunueni ya waya nne kama madabodi ina soketi za pini nne, yenye kasi ya juu isiyozidi mizunguko 1,500 hivi kwa dakika. Ikiwa soketi ni moja na feni ni mbili, waya wa kugawa unafaa, kwa kuwa soketi nyingi huvumilia ampea 1 na feni ya kawaida hutumia ampea 0.1 hadi 0.3.

Tunashauri kwamba maelezo haya yaandikwe kwenye hati ya manunuzi: ukubwa, unene, aina ya beringi, idadi ya waya na kasi. Hati inayosema tu “feni ya kompyuta, 2” humpa mwenye duka uhuru wa kuuza chochote kilichokaa rafuni.

Hewa iingie wapi, itoke wapi

Kanuni ni kwamba hewa iwe na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na kati yake ipite juu ya vitu vyenye joto. Katika kasha la kawaida feni moja hufungwa mbele upande wa chini ikivuta hewa ndani, na nyingine nyuma upande wa juu, usawa wa prosesa, ikisukuma nje. Kama fedha inatosha feni moja tu na hakuna feni nyingine ya kasha, ifungwe nyuma itoe hewa. Ya tatu, ikipatikana, iwekwe mbele pamoja na ile ya kwanza. Baada ya hapo faida hupungua sana kwa kompyuta ya ofisi. Feni ya juu ya kasha inayofungwa karibu na upande wa mbele huweza hata kuharibu kazi, maana hunyakua hewa baridi iliyoingia sasa hivi na kuitupa nje kabla haijafika kwenye prosesa.

Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni feni iliyogeuzwa. Feni mbili zikisukumana uso kwa uso, au zote zikivuta ndani bila njia nzuri ya kutokea, hewa ya moto huzunguka humohumo. Tazameni fremu: upande ulio wazi, unaoonyesha panga bila kizuizi, ndio unaovuta, upande wenye mikono midogo inayoshika mota ndio unaotoa. Feni nyingine zina mshale ubavuni. Baada ya kufunga, shikeni kipande cha karatasi laini karibu na tundu. Mbele kinapaswa kunata, nyuma kinapaswa kupeperuka.

Kwa mazingira yetu ya vumbi jekundu na kufagia kila asubuhi, tunapendelea hewa inayoingizwa izidi kidogo ile inayotolewa. Kasha likiwa na hewa ya ziada ndani, hewa hutoka kupitia nyufa zote ndogo, na vumbi halipati nafasi ya kuingilia humo. Linaingia mbele tu, ambako kuna chujio linaloweza kutolewa na kuoshwa. Kinyume chake, kasha linalonyonywa hewa kwa nyuma bila feni ya mbele huvuta vumbi kupitia kila tundu, hata lile la kuwekea diski za CD.

Wapo wanaoacha ubavu wa kasha wazi wakidhani unapooza. Huenda prosesa ikapoa kidogo, lakini mkondo wa hewa unavunjika, kelele yote inatoka nje bila kizuizi, na vumbi, mende na mijusi wanapata makao. Mjusi aliyekufa juu ya madabodi tumemwona kwa macho yetu wenyewe.

Wakati wa kufunga, tumieni pini za mpira badala ya skrubu za chuma kama zimo kwenye boksi, maana huzuia mtetemo usiingie katika bati. Waya zifungwe pembeni zisikae mbele ya feni, na hasa zisiguse panga. Kisha ingieni kwenye BIOS wakati kompyuta inawaka, mtafute ukurasa wa feni, na mchague mpangilio wa utulivu, wenye kasi ya chini wakati wa kazi nyepesi na kupanda taratibu joto linapoongezeka. Kupanda na kushuka ghafla humchosha msikilizaji kuliko mvumo mmoja usiobadilika. Msishushe kasi kupita kiasi, kwa sababu feni ikipewa umeme mdogo mno inaweza kushindwa kuanza kuzunguka kabisa. Fanyeni kazi nzito kwa nusu saa, kisha mwangalie joto la prosesa: nyuzi 60 au 70 hazina shida yoyote, 80 bado ni salama kwa prosesa nyingi. Ikielekea 90 na zaidi, ongezeni kasi au mchunguze upya mapezi ya juu ya prosesa.

Wenzetu wa nyanda za juu wakumbuke kwamba kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya pwani, hivyo kila mzunguko wa feni hubeba joto pungufu. Ubaridi wa huko hulipa deni hilo. Ofisi za pwani ndizo zenye kazi ngumu: chumba kikiwa na nyuzi 32, hewa inayotoka nyuma ya kompyuta itakuwa 42 au zaidi, na hapo kupunguza kasi ya feni kufanywe kwa kiasi.

Mwisho ni mahali pa kuiweka kompyuta yenyewe. Isikae sakafuni, ambako fagio hupita. Isifungiwe ndani ya kabati la meza. Iachiwe nafasi ya sentimita 10 hadi 15 nyuma yake. Vile vitambaa vizuri vilivyofumwa na kina mama ili kuifunika visiwekwe hadi kompyuta iwe imezimwa na kupoa. Kila baada ya miezi mitatu, na kila mwezi wakati wa kiangazi, kompyuta ichomolewe umeme, itolewe nje, chujio lioshwe na kukaushwa kabisa, na ndani pasafishwe kwa brashi. Kama mnatumia bloa, zuieni panga za feni kwa kidole zisizunguke, kwa kuwa upepo wa nguvu huzizungusha kupita kiwango na kuharibu beringi. Pampu ya gereji ya kujazia matairi isitumike, maana hutoa matone ya maji na mafuta pamoja na hewa. Tarehe ya kusafisha iandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kasha, pamoja na jina la aliyesafisha, ili mkaguzi wa mradi aikute bila kuuliza.